Trekta la Akina Mama wa Chaka

Kila asubuhi, kabla jua halijapita vilele vya mikaratusi, Ngendo alilinywesha trekta grisi. Neno ni lake mwenyewe, kunywesha, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumsikia akilitamka. Alianza nyuma akaja mbele, bomba la grisi mkono wa kulia na kitambaa mkono wa kushoto, akifuta kila tundu kabla ya kupiga bomba na kulifuta tena baadaye, kama mama anavyompangusa mtoto mdomo baada ya uji. Hakuna aliyemwagiza kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu kiasi hicho. Aliipenda kwa sababu ilifanyika kimya.

Asubuhi hiyo, alipofika kwenye gurudumu la mbele la kushoto, aliegemeza kiganja juu ya tairi ili ainame vizuri. Gurudumu likasogea. Halikuzunguka, lilicheza, juu likaja ndani na chini likaenda nje, kama jino la utotoni linalotaka kung'oka. Ngendo aliuondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Akasubiri kidogo, akalisukuma tena taratibu. Likacheza tena, na safari hii akasikia chuma kikigonga chuma ndani ya ekseli.

Aliliweka bomba chini. Hakuhitaji kumuuliza mtu maana ya sauti ile. Alikuwa amehitimu chuo cha mashine za kilimo, msichana pekee darasani, na alijua kwamba trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne huanza kuugulia mbele. Hakuhitaji kuuliza ugonjwa umetoka wapi pia. Alijua. Alikuwa akijua muda wote, na alikuwa amenyamaza.

Trekta lilikuwa la akina mama wa Chaka, waliokaa kwenye shamba kubwa la mzungu lililokatwa vipande vipande baada ya uhuru, pande zote mbili za barabara ya lami itokayo Kiganjo kwenda Naro Moru. Kwa miaka walilima kwa jembe, au kwa kubembeleza matrekta ya wanaume yaliyofika kwao mvua ikiwa imeshanyesha nusu. Wakaanza kuchanga. Waliuza maziwa na viazi, wakaezekeana mabati nyumba kwa nyumba, na nyumba za kuezeka zilipokwisha wakaulizana wafanye nini na mazoea yale ya kuchanga. Wakanunua trekta. Walilipata kwa mkulima mmoja mzungu wa upande wa Timau aliyekuwa akihama, jekundu, limetumika lakini zima, lenye magurudumu mapana hata mbele. Siku lilipoingia Chaka walilipigia vigelegele vya mtoto wa kike, wakatangaza kwamba huyu hataolewa mahali popote.

Mwenyekiti wao alikuwa Watiri, mwanamke mrefu, mwepesi wa kusaidia na mwepesi wa kukaripia, mara nyingi vyote kwa pamoja. Ni yeye aliyesimama mkutanoni akasema dereva atakuwa msichana wa papa hapa, na akamtaja Ngendo. Wanaume waliokuja kusikiliza walicheka. Watiri aliwajibu mmoja baada ya mwingine, akitaja na makosa yao ya nyumbani, mpaka wakaondoka. Kwa hiyo Ngendo alimpenda Watiri kama mama mzazi na kumwogopa kama mvua ya mawe.

Shida ilianzia kwenye kokoto za kuingilia soko la Chaka. Ngendo alikuwa ametoka barabarani na trela limejaa viazi, na hakuwa ameingiza gia ya mbele, ile inayofanya magurudumu ya mbele nayo yavute, maana kwenye lami haihitajiki. Magurudumu ya nyuma yakazunguka patupu yakirusha mawe, ya mbele yakasimama tuli. Kingori alikuwa amekaa pale nje ya bucha. Kingori alikuwa na lori, na alikuwa na trekta la kukodisha, na tangu akina mama wapate lao wateja wake walikuwa wamepungua.

"Akina mama," alisema kwa sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya barabara, "mliuziwa ng'ombe nusu. Hiyo ya mbele ilikufa kitambo."

Soko zima likaangua kicheko. Ngendo aliingiza gia ya mbele na trekta likapanda kama linapanda ngazi, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Tangu siku hiyo watu wakikutana na akina mama njiani waliwauliza, kwa upole wa uongo, kama mbele iko hai leo.

Jioni ile Watiri alikuja na kamba ya katani. Aliisukuma leva ya gia ya mbele mpaka mahali pa kuvuta, akaifunga hapo kwa fundo la kufungia ng'ombe.

"Sisi tulilipia magurudumu mane," alisema. "Mane yavute. Kwa shamba yavute, kwa barabara yavute. Sitaki kusikia ati mbele imekufa."

Ngendo alifungua mdomo. Kule chuoni mwalimu wao aliwahi kuwafunga wanafunzi wawili kamba kiunoni, mmoja mbele na mwingine nyuma, akamwambia wa mbele atembee haraka kidogo kuliko mwenzake. Kwenye nyasi zenye umande yule wa mbele aliteleza teleza wala hakuumia. Kwenye saruji, ambako mguu haukuweza kuteleza, kamba ilimkaza tumbo mpaka akaomba kufunguliwa. Magurudumu ya mbele yameundwa hivyo, mwalimu akawaeleza. Yanayazidi mbio kidogo yale ya nyuma. Udongoni hiyo ni faida. Kwenye lami tairi halina pa kuteleza, na ile haraka hurudi ndani ikawa inatafuna gia na beringi. Maneno hayo yote Ngendo alikuwa nayo ulimini, yamepangika, yanangoja tu kutoka. Lakini Watiri alikuwa akimtazama, na mikono yake bado ilikuwa na nyuzi za katani.

"Sawa, Mama Mwenyekiti," akasema.

Msimu mzima trekta likapita kwenye lami, kutoka shamba la huyu kwenda la yule, leva imefungwa. Usukani ulikuwa mgumu kama unageuza nyumba. Kwenye kona matairi ya mbele yalilia. Ngendo aliongeza grisi, akaongeza na huruma, na kwa siri akawa akilipapasa boneti na kuliomba msamaha.

Sasa gurudumu lilikuwa linacheza. Akina mama wakaja, Watiri mbele yao, na Ngendo akamwambia kwa sauti yake ile ya chini kwamba gurudumu la mbele limelegea. Watiri aliuliza kama linaweza kufika kwa Kathure. Wote walijua maana ya swali hilo. Kathure alikuwa mjane aliyeolewa kutoka Meru, shamba lake lilikuwa la mwisho kwenye zamu, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani bila kuondoka. Mtu mwingine angesema hapana. Ngendo alisema labda.

Hawakufika. Mbele kidogo ya daraja, kwenye lami kavu iliyonyooka, kulisikika mpasuko kama wa kuni mbichi, na gurudumu la kushoto likalala kifudifudi. Trekta likapiga goti katikati ya barabara. Hakuna aliyeumia, ila Ngendo alibaki ameung'ang'ania usukani, na Watiri alilazimika kumfungua vidole kimoja kimoja.

Kingori alipita na lori lake, akasimama. Safari hii hakucheka. Alizunguka trekta mara moja, mikono nyuma, akasema yuko tayari kulinunua kama lilivyo, alikate vyuma chakavu, akina mama wasihangaike. Hilo liliwauma kuliko kicheko. Mkutano ulifanyika hapo hapo kando ya barabara. Wengine walisema liuzwe. Kathure, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kulia, alisema trekta ambalo halijalima kwake haliwezi kuuzwa kabla ya kulima kwake. Watiri akakata shauri: litatengenezwa mara hii moja. Likivunjika tena, yeye mwenyewe atamwita Kingori, na kiti cha mwenyekiti atakiachia siku hiyo hiyo.

Wakalivuta mpaka Nyeri, gereji ya Mzee Huseni.

Huseni alizaliwa Nyeri, mtaa wa Majengo, na baba yake alizaliwa hapo hapo, ingawa watu bado walimuuliza ametoka pwani gani. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani, na tabia ya kuchunguza mashine kwa muda mrefu kabla ya kuigusa. Alifungua kizibo cha ekseli. Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu, inang'aa, imejaa unga wa chuma. Akachovya kidole, akausugua unga kati ya vidole viwili, akaenda kutazama matairi ya mbele. Yalikuwa yamelika yakawa laini kama soli ya kiatu cha tarishi, huku ya nyuma yakiwa na meno yake.

"Hii haikuvunjikia shambani," alisema. "Shamba halili tairi namna hii."

Watiri alisema ni yule mzungu wa Timau, aliwauzia kitu kibovu na kukipaka rangi. Huseni hakubisha. Alimgeukia Ngendo, akasema dereva ndiye ajuaye trekta limepita wapi na limepitaje. Aliyasema bila ukali, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango na kusogea kando.

Ngendo aliokota kitambaa, akaanza kuifuta oili iliyomwagika chini.

"Muache huyu," Watiri alidakia. "Huyu hana makosa. Yeye anafanya tu ile tunamwambia."

Ngendo aliona afadhali angetukanwa. Watiri alikuwa amemkinga kwa mwili wake, tena bila kujua ni dhidi ya nini. Usiku huo hakula.

Iliamuliwa abaki Nyeri kusaidia kazi, alale kwa Huseni na mkewe Zabibu. Na hapo, kwenye ile gereji ya mabati iliyonuka dizeli, Ngendo akawa mtu mwingine. Mikono yake haikuwa na haya. Waliinua trekta kwa jeki na magogo, wakashusha ekseli nzima, wakaifungua juu ya meza. Beringi za kushoto zilikuwa zimesagika. Bushi ambayo gurudumu hugeukia juu yake, iliyopaswa kuwa duara, ilikuwa imelika ikawa kama yai. Meno mawili ya gia kubwa yalikuwa yamekatika ncha. Na lile sikio la chuma linaloshika kila kitu pale mwishoni mwa ekseli lilikuwa limebaki jembamba kama sahani.

Gia ilipatikana kwa mtu wa Nanyuki aliyekuwa na trekta bovu la aina ile ile. Bushi Huseni aliichonga mwenyewe kwa shaba, kwenye mashine ya kukerezea iliyotikisa ukuta. Sikio alilijaza kwa kuchomelea, taratibu, akiliacha lipoe, akichomelea tena, kisha likatobolewa upya. Alipolimaliza aligonga juu yake kwa nyundo ndogo, akalisikiliza.

"Binti, litashika," alisema. "Lakini nimeshona kitambaa kilichochakaa. Likivunjika tena, hakuna pa kupitisha sindano."

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kupanga gia zikutane sawasawa. Zikibanana zitaungua, zikiachana zitagongana. Hupangwa kwa vipande vya bati jembamba kama karatasi, unaweka kimoja, unatoa kimoja. Vidole vya Huseni vilikuwa vinene na nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo hapo palikuwa pa Ngendo. Ili kuona meno yanagusana wapi, walihitaji kuyapaka rangi maalumu, nayo haikuwapo. Ngendo alikumbuka kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Alimwomba Zabibu buluu ya kufulia, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, akaisaga na grisi kidogo, akayapaka meno kwa kidole. Akazungusha gia kwa mkono, akaangalia alama. Ilikuwa juu mno. Akatoa kipande, akapaka, akazungusha. Ilikuwa chini mno. Zabibu alikuja kutazama buluu yake inavyoharibiwa, akaishia kushika taa. Huseni alikaa kwenye ndoo, anakunywa chai ya tangawizi.

Mwishowe alama ikatokea katikati ya jino, ndogo, safi, kama mtu aliyebonyeza kidole hapo makusudi. Ngendo akazungusha gia mzunguko mzima. Kila jino, katikati. Alicheka kwa sauti, akajishtukia, akaziba mdomo kwa mkono, na buluu ikamjaa mashavuni.

"Sasa umeoana nayo," Zabibu akamwambia.

Siku ya kuondoka, mvua ilikuwa imeshaanza. Kathure ndiye aliyetumwa kumsindikiza. Kamba ya katani ilikuwa imekatwa wakati wa kazi na hakuna aliyeikumbuka. Ngendo aliiweka leva mahali pa kupumzika, akaendesha mpaka Chaka, na barabara nzima trekta halikulia hata mara moja. Usukani ulizunguka kwa kidole. Alikuwa na furaha, lakini furaha yenye doa. Alijua anachofanya. Alikuwa anamkwepa Watiri badala ya kumwambia. Leo ameponyoka kwa sababu Watiri hayupo. Kesho je?

Kesho yake lilikuwa shamba la Kathure. Sehemu ya chini, karibu na kijito, ina udongo mweusi unaonata viatuni, na kwa mvua ile ulikuwa umegeuka uji. Kwa jirani yake trekta la Kingori, lenye kuvuta kwa nyuma tu, lilikuwa limezama tangu asubuhi mpaka kwenye tumbo. Kingori na dereva wake walikuwa wameweka mawe, matawi, hata mlango mbovu wa zizi, na kila walipolitia moto lilizidi kuchimba. Wanaume wa Chaka walikuwa wamesimama kwenye ua wa mpakani, maana mtu aliyekwama huvuta watazamaji.

Ngendo aliteremka na mteremko. Penye udongo mkavu alilima kwa nyuma tu. Alipofika kwenye ule mweusi, aliisukuma leva mbele, akasikia gia zikiingia, laini, kama ulimi wa kufuli uliotiwa mafuta. Magurudumu ya mbele yakauma. Trekta likajivuta kwenye uji ule bila kuyumba, majembe nyuma yakipindua udongo mweusi unaong'aa, mstari baada ya mstari, na kila alipogeuka mwisho wa shamba akina mama walipiga vigelegele. Kathure alitembea nyuma ya jembe peku, akiokota mizizi na kuirusha nje, analia na kucheka. Ngendo alisikiliza ekseli tu. Ekseli ilikuwa kimya. Sauti ile tamu ya kutokuwa na sauti.

Alipomaliza, hakungoja kuombwa. Aliliongoza trekta mpaka mpakani, akatupa mnyororo. Dereva wa Kingori akaufunga bila kumtazama usoni. Ngendo akaachia klachi polepole, magurudumu yote manne yakala udongo, na trekta la Kingori likatoka kwenye shimo lake likitoa mlio wa mguu unaotoka kwenye kiatu cha mpira kilichojaa tope. Mmoja wa wanaume kwenye ua akapiga makofi, na wengine wakafuata, na Kingori, matope mpaka kifuani, akavua kofia.

"Haya," alisema. "Mbele imefufuka."

Kila mtu akacheka, na hiki hakikuwa kile kicheko cha sokoni. Watiri alikumbatiana na watu ovyo. Akaamua papo hapo kwamba trekta halirudi nyumbani kimya kimya. Litapita Chaka, katikati ya barabara, wanachama wote wakiandamana. Waliliosha kwa maji ya kijito, wakalivisha leso mbili kwenye taa. Watiri akapanda akakaa kwenye madigadi, juu ya gurudumu la nyuma, karibu na Ngendo, mgongo umenyooka, kama anayepelekwa kuapishwa.

Wakafika kwenye lami. Ngendo alikuwa ameshairudisha leva. Nyuma yao akina mama walijipanga upana wa barabara nzima, wakiimba, na mbele, nje ya maduka, watu walikuwa wameshaanza kutoka milangoni. Kingori naye alifuata pembeni kwa miguu, pamoja na wale wanaume wa kwenye ua.

Hapo Watiri alitazama chini, akaiona leva ilivyokaa. Alinyoosha mkono wake mrefu, akaisukuma mbele.

Usukani ukawa mgumu mikononi mwa Ngendo. Tairi la mbele likakwaruza, na chini ya miguu yake akasikia ekseli ikiguna, ekseli ile aliyoijua sasa jino kwa jino. Akaliona akilini lile sikio lililoshonwa. Akamwona Kathure nyuma akiimba kwa nguvu kuliko wote. Akakanyaga klachi na breki kwa pamoja, trekta likasimama, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Watiri na kuirudisha leva, mikono yote miwili kwa pamoja.

Watiri alishangaa mno hata akasahau kuuondoa mkono. Alisema huku meno yamebana kwamba watu wanawaangalia. Ngendo alijibu kitu. Injini ilikuwa inanguruma, na sauti yake haikupita hata kwenye madigadi.

"Unasema nini? Mimi sisikii."

Ngendo akazima injini.

Wimbo wa nyuma ukakatika safu baada ya safu. Mlima ulikuwa umefunguka kidogo upande wa mashariki, mweupe juu. Ngendo alihisi uso wake wote umewaka moto, akasimama hivyo hivyo juu ya trekta ili wa mwisho pia wamwone.

"Nimesema kwa lami mbele inapumzika," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaisukuma. "Mzungu hakutuuzia kitu kibovu. Mzee Huseni amefanya kazi safi. Ekseli ilivunjika kwa sababu tulifunga hii leva na kamba, ili watu wasitucheke. Kwa matope inatuvuta. Hapa kwa lami inajikula yenyewe, na ikijikula tena hakuna kushonwa, ni kuuzwa. Mimi nilijua kutoka siku ya kwanza, Mama Mwenyekiti. Nilikuogopa."

Kingori alifungua mdomo, lakini Kathure, aliyekuwa karibu naye, alimtazama tu, akaufunga.

Watiri alibaki amekaa kwenye madigadi. Alitazama maduka, akatazama wanachama wake, mwishowe akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa bado juu ya leva, na mashavu yake yakaanza kulegea kuelekea kwenye tabasamu asilolitaka.

"Sasa, mama yangu," akauliza, kwa upole ambao Chaka haikuwahi kuusikia kutoka kwake, "unataka tufanye nini?"

"Nataka utoe mkono wako hapo," Ngendo alisema, na safari hii sauti ilifika mpaka ng'ambo ya barabara. "Dereva wa hii trekta ni mimi."